Kaburi la Nyalgunga: Waluo, Mila ya Kuzikwa Nyumbani na Hiari ya Mtu

Miongoni mwa Waluo wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa magharibi mwa Kenya, mahali anapozikwa mtu hapajawahi kuwa shauri la mtu huyo peke yake, kwa kuwa kaburi hubeba madai: humdai mtoto kwa ajili ya baba, mke kwa ajili ya ukoo wa mumewe, na ardhi kwa ajili ya wale ambao mifupa ya wazee wao imelala humo. Mila ya kumrudisha marehemu katika boma la baba zake, hata kama alifia mamia ya kilomita mbali na huko ndiko alikoishi karibu umri wake wote, imeelezwa mara nyingi kuwa ni ya tangu na tangu, isiyo na mwanzo wala mabadiliko. Historia haiungi mkono maelezo hayo. Kwa sura iliyo nayo leo, pamoja na safari zake ndefu za majeneza, michango ya watu wa mjini na matangazo ya vifo redioni, mila hiyo ni zao la karne ya 20, na walioijenga ni watu walewale walioondoka nyumbani kwenda kutafuta maisha. Ndani yake mlikuwa na nafasi ya kuelewana, kubadilisha na hata kusameheana, nafasi ambayo ilibanwa sana mwaka 1987, mahakama za Kenya zilipoamua ni wapi azikwe wakili Silvano Melea Otieno.

Kiini cha mila hiyo ni boma, ambalo kwa Kiluo huitwa dala. Boma hufunguliwa kwa utaratibu maalumu na mwanamume aliyekwisha kuoa, ambaye hutoka katika boma la baba yake akifuatana na mke wake na mwanawe wa kiume, wakiwa wamebeba shoka, moto na jogoo, huku baba mzazi au mzee mwingine wa ukoo akiwaonyesha mahali pa kusimamisha nyumba ya kwanza. Kabla ya hatua hiyo kijana hulala katika simba, yaani kibanda cha vijana wa kiume kinachojengwa karibu na lango la boma la baba, na hata akiwa tayari na mke na watoto, huhesabiwa kuwa bado yu chini ya baba. Nyumba iliyojengwa mahali pengine bila taratibu hizo, iwe ya udongo au ya ghorofa, ni mahali pa kulala tu, na mwenye nyumba hiyo, kwa mtazamo wa wazee, hajawa na boma. Akifa, mwanamume huzikwa ndani ya boma lake, kando ya nyumba yake, kwa upande uliowekwa na desturi, na maziko huandamana na ibada ndefu: mkesha wa usiku, kunyoa nywele kwa wafiwa, na tero buru, ambapo vijana wenye mikuki huswaga ng'ombe kwa nyimbo na kelele mpaka kwenye mpaka wa eneo la ukoo ili kukifukuza kifo. Anayevunja miiko ya mambo hayo huhofiwa kuleta chira, yaani maradhi ya kukonda na kudhoofika ambayo huweza kumruka mkosaji mwenyewe na kuwapata watoto na wajukuu wake. Asiyeitambua hofu hiyo, na uzito wake kwa watu wenye kuiamini, hataelewa kwa nini ndugu wa Otieno waliweza kupigania maiti yake kwa miezi mitano.

Hata hivyo, taratibu hizo hazikuwa ngumu kama zinavyosimuliwa. Mwanamume aliyekufa kabla ya kujenga alisimamishiwa kibanda cha haraka nyumbani, ili asionekane kuwa amezikwa bila kuwa na nyumba. Yule aliyepotelea vitani, aliyezama ziwani au aliyefia mbali ambako mwili haungeweza kuletwa, alizikiwa tunda la mwegea, mti ambao Waluo huuita yago. Tunda hilo refu na zito lililazwa kaburini badala ya mwili, likaombolezwa kama mtu, na familia ikapata mahali pa kuweka msiba wao. Utaratibu huu una maana kubwa kihistoria, kwa kuwa unaonyesha kwamba lililotakiwa kurudi nyumbani kwa lazima lilikuwa jina la marehemu na nafasi yake katika ukoo, ilhali mwili ungeweza kubaki ulipo bila ukoo kuona kwamba umemtupa mtu wake.

Mabadiliko makubwa yalifika kwa njia ya chuma. Mnamo Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa, katika kituo kilichoitwa Port Florence na ambacho baadaye kikawa mji wa Kisumu, na kwa muda mfupi kodi ya kibanda iliyotozwa kwa fedha taslimu ikawalazimisha wanaume kutafuta ujira. Waluo walikwenda kufanya kazi katika karakana za reli, bandari ya Mombasa, mashamba ya chai ya Kericho, mashamba ya mkonge ya Thika na nyumba za Wazungu wa Nairobi. Serikali ya kikoloni haikuwataka wawe wenyeji wa huko. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kuvaa kipande, yaani hati ya utambulisho iliyoonyesha ajira yake, na katika miji alipewa chumba cha kupanga ambamo familia haingeweza kukaa, kwa kuwa watawala walimhesabu kuwa mtu wa kupita ambaye akizeeka au akiugua angerudi kwao. Hapa mawazo ya mtawala na ya mzee wa ukoo yalikutana bila kupangwa, kwa sababu wote wawili, kila mmoja kwa haja yake, walimwambia mfanyakazi kwamba mji haukuwa kwake. Mtu aliyenyimwa haki ya kuzeekea mjini alikuwa na kila sababu ya kulishikilia boma la baba yake, na ushikamanifu huo, ambao baadaye uliitwa ukale, ulikuwa kwa sehemu kubwa jibu la watu wenye akili kwa maisha ya mjini yasiyo na uhakika.

Wafanyakazi hao walianzisha vyama vya koo katika miji, na juu ya vyama hivyo ukasimama Umoja wa Waluo, ambao mwaka 1953 ulimchagua Oginga Odinga kuwa Ker, yaani kiongozi wake mkuu. Vyama hivi vilikusanya michango ya ada za shule, vilipatanisha waliogombana na, zaidi ya yote, vilisafirisha miili ya marehemu kwenda Nyanza, kazi ambayo isingewezekana kwa mtu mmoja mwenye mshahara wa kibarua. Uhifadhi wa maiti hospitalini, lori na barabara vilifanya lililokuwa haliwezekani liwezekane, na lililowezekana likageuka kuwa wajibu. Tunda la yago likaanza kuonekana kama fedheha, dalili ya familia iliyoshindwa kuchanga. Ni haki kusema pia kwamba umoja uliokuwa mkarimu kwa maiti haukuwa mpole kwa kila aliye hai, kwani vyama hivyohivyo viliwakamata wanawake walioishi peke yao mijini na kuwarudisha vijijini kwa nguvu, kwa madai kwamba walilitia doa jina la jamii. Serikali ya Rais Daniel arap Moi ilipoamuru vyama vya kikabila vivunjwe mwaka 1980, Umoja wa Waluo ukafa, lakini kamati za mazishi hazikuweza kuvunjwa, na msiba ukabaki kuwa mojawapo ya nafasi chache ambazo watu wa ukoo waliweza kukutana na kuzungumza wazi.

Ardhi nayo iliongeza uzito wa makaburi. Tangu zamani gunda, yaani mahame yenye makaburi ya wazee, yalikuwa ushahidi kwamba ukoo fulani ulitangulia kulima mahali hapo, na mpango wa kupima na kusajili mashamba kwa majina ya watu binafsi, ulioanzishwa na Waingereza miaka ya 1950 na kuendelezwa Nyanza baada ya uhuru, ulifanya ushahidi huo uwe na thamani mpya. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa mbali bado alikuwa na nafasi yake iliyokuwa ikimngoja. Tom Mboya, mwana wa mfanyakazi wa shamba la mkonge, alizaliwa mwaka 1930 huko Kilima Mbogo karibu na Thika, akapata umaarufu wake Nairobi kama kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na waziri, na alipouawa kwa risasi mjini humo tarehe 5 Julai 1969, akarudishwa kisiwani Rusinga, katika nchi ya baba zake ambako hakuzaliwa.

Otieno alikuwa wa kizazi kilichofuata njia hiyohiyo lakini kikatoa uamuzi tofauti. Alizaliwa mwaka 1931 Nyalgunga, katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Siaya, ndani ya ukoo wa Umira Kager. Akasomea sheria Bombay nchini India, akarudi na kuwa mmoja wa mawakili wa jinai waliojulikana sana Nairobi, mtu aliyependa kunukuu tamthilia za Shakespeare. Mwaka 1963 alimwoa kwa ndoa ya kiserikali Virginia Edith Wambui, Mkikuyu wa familia ya Waiyaki wa Hinga, kiongozi aliyefia Kibwezi mwaka 1892 akiwa mikononi mwa Waingereza. Wambui mwenyewe alikuwa amewatumikia wapiganaji wa Mau Mau miaka ya 1950 na akafungwa kizuizini kwa sababu hiyo. Waliishi Langata, wakanunua shamba Upper Matasia karibu na Ngong, wakalea watoto 15, baadhi yao wa kulea, na hawakujenga nyumba Nyalgunga. Kwa hesabu ya wazee, wakili huyo aliyekuwa na nyumba na shamba alikufa bila boma.

Alifariki ghafla tarehe 20 Desemba 1986. Mjane akatangaza kwamba angemzika Upper Matasia, akieleza kwamba hivyo ndivyo mumewe alivyokuwa amesema mara kadhaa, nao ukoo, ukiongozwa na ndugu wa marehemu Joash Ochieng' Ougo na msemaji wake Omolo Siranga, ukatangaza kwamba angezikwa Nyalgunga. Wananchi wakasikia redioni matangazo yanayopingana kuhusu maiti mmoja. Mapema Januari 1987 Jaji Frank Shields wa Mahakama Kuu alimpa Wambui nafuu, kwa mtazamo kwamba mila isingemfunga mtu wa maisha ya Otieno, lakini Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo na kutaka ushahidi usikilizwe kikamilifu. Kesi ikaenda mbele ya Jaji S.E.O. Bosire, na kwa majuma kadhaa umati ulijaa nje ya mahakama huku magazeti yakichapisha karibu kila neno la mashahidi.

Wakili wa Wambui, John Khaminwa, alijenga hoja yake juu ya maisha aliyoyachagua marehemu: elimu yake, ndoa yake ya kiserikali, makazi yake, na kauli zake kuhusu mahali pa kuzikwa. Richard Kwach, wakili wa ukoo ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Rufaa, alijenga yake juu ya kuzaliwa, akidai kwamba Mluo hujikuta Mluo na hana mlango wa kutokea, wala shahada wala cheti cha ndoa havimfungulii. Mashahidi wa ukoo walieleza hofu ya roho ya marehemu isiyotulia na ya chira itakayowapata walio hai, na Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanafalsafa aliyefanya utafiti juu ya hekima ya wazee wa Kiafrika, aliitwa kama mtaalamu kufafanua miiko na imani hizo. Tarehe 13 Februari Jaji Bosire aliupa ukoo ushindi, na tarehe 15 Mei majaji Nyarangi, Platt na Gachuhi wa Mahakama ya Rufaa wakaithibitisha hukumu hiyo, wakieleza kwamba Mkenya Mwafrika hawezi kuuvua uanachama wa kabila la baba yake pale ambapo nasaba inafuata upande wa baba, kwamba mjane Mluo hana haki ya kumzika mumewe kinyume cha ukoo, na kwamba matakwa ya marehemu kuhusu mwili wake hayamfungi yeyote. Otieno alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987 mbele ya maelfu ya watu. Wambui hakuhudhuria.

Wengi waliifasiri kesi hiyo kama mgongano wa mila na usasa, na wengine, kwa kuwa mjane alikuwa Mkikuyu na uhasama wa kisiasa kati ya viongozi wa jamii hizo mbili ulikuwa haujapoa tangu miaka ya 1960, waliiona kama mgongano wa makabila. Fasiri zote mbili ni finyu. Kaburi la shambani ambalo Wambui alilitaka kwa ajili ya mumewe lilikuwa na historia fupi hata kwa upande wa jamii yake, kwani Wakikuyu wa kabla ya ukoloni waliwazika tu wazee waliokuwa na mali na watoto, na wengine wengi waliachwa porini, mpaka wamisionari na watawala walipoeneza desturi ya kumzika kila mtu. Kila upande ulisimama juu ya jambo lililoundwa ndani ya miaka mia moja iliyokuwa imepita, na kila upande uliliamini kwa dhati. Ndugu zake Otieno hawakuwa watu katili waliotaka kumnyang'anya mjane haki yake kwa chuki; walikuwa watu walioona kwamba kumwacha ndugu yao Ngong ni kukubali kwamba elimu, ambayo jamii nzima ilikuwa imeitukuza, inaweza kumfuta mtu katika orodha ya nasaba.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la mahakama. Sheria ya Mahakama ya mwaka 1967 iliwataka majaji waongozwe na sheria za kimila pale zinapohusika, mradi hazikiuki haki na maadili, na Bunge lilikuwa limeukataa mara mbili, mwaka 1976 na 1979, muswada wa kuunganisha sheria za ndoa, hata ikawa hakuna andiko lililowaambia waziwazi mjane ana nafasi gani. Wakiwa katika pengo hilo, majaji walilichukua shauri ambalo koo zilikuwa zimezoea kulizungumza, kulichangia na kulitafutia njia ya kati, wakaligeuza kuwa kanuni yenye mshindi mmoja. Wazee waliozika tunda la yago walijua namna ya kumdai mtu bila kuumiliki mwili wake. Hukumu ya 1987 iliwapa warithi wao mwili, pamoja na uzoefu wa kwamba katika jambo la namna hiyo mtu hushinda au hushindwa mahakamani. Mila iliyoandikwa katika ripoti za kesi ilitoka humo ikiwa kali kuliko ilivyokuwa vijijini, na gharama ya ukali huo iliwaangukia zaidi wajane, ambao kwa miaka iliyofuata walisikia jina la Otieno likitajwa kila walipojaribu kusema neno juu ya mazishi ya waume zao.

Sheria ilianza kulegea taratibu. Mwaka 2004 Jaji Jackton Ojwang wa Mahakama Kuu, katika shauri jingine la mazishi, alimpa uzito mkubwa yule aliye karibu zaidi kisheria na marehemu, jambo lililomrudisha mwenzi wa ndoa mbele ya foleni. Katiba ya mwaka 2010 ilitangaza utamaduni kuwa msingi wa taifa, lakini ikabatilisha sheria yoyote ya kimila inayopingana nayo, na katika kifungu cha 44(3) ikakataza mtu kumlazimisha mwenziwe kutenda au kufanyiwa ibada yoyote ya kimila. Wambui aliishi hadi tarehe 30 Agosti 2011, akiwa amechapisha kumbukumbu za maisha yake mwaka 1998, na akiwa ameolewa tena mwaka 2003 na mwanamume mdogo sana kwake kwa umri, hatua iliyowakasirisha wengi na ambayo haikumshtua mtu aliyekwisha kujua kwamba mjane huyo hakuomba ruhusa ya kuishi.

Watu mashuhuri nao walizidi kuyatamka matakwa yao mapema. Wangari Maathai alikataa kuzikwa katika jeneza la mbao, na mwaka 2011 mwili wake ukachomwa Nairobi. Mwaka 2019 Ken Okoth, mbunge wa Kibra na Mluo, naye alichomwa mwili katika tanuri la Kariokor, Nairobi, licha ya pingamizi za wazee walioona kwamba majivu hayana boma. Mwanasiasa Raila Odinga alipofariki Oktoba 2025 nchini India, familia ilieleza kwamba aliacha wosia wa kuzikwa upesi, na siku nne baadaye alizikwa Bondo, katika boma la baba yake, Jaramogi Oginga Odinga. Ibada ambazo kwa mtu wa hadhi yake zingechukua majuma mawili zilifupizwa kwa neno lake, na hakuna aliyedai kwamba kwa kufanya hivyo alikuwa ameukana Uluo.

Kwa walio wengi, wasio na jina kubwa la kulinda matakwa yao, suluhisho limekuwa la kimyakimya zaidi. Waluo wa Nairobi, Mombasa na hata wa Ulaya na Marekani, ambao hawana nia ya kurudi kuishi Siaya, Homa Bay au Migori, hujenga huko nyumba ndogo ya mabati wakiwa bado na nguvu, hufungua boma kwa shoka, moto na jogoo kama inavyotakiwa, hulala humo usiku mmoja au miwili wakati wa Krismasi, kisha hufunga mlango na kurudi mjini kwa familia zao. Wake zao, wengi wao wakiwa wa makabila mengine, hushirikishwa katika ujenzi huo na hujadiliana na mashemeji juu ya mahali pa kaburi wakati mwenye kaburi bado yupo na anaweza kujibu.